Je, Upendo Waweza Kuishi Pasipo Mwili?

Mzazi mmoja alitujia ofisini akiwa na kitabu mkononi. Alikikuta chini ya mto wa binti yake, mwanafunzi wa shule ya sekondari. Alikuwa amesoma kurasa chache, akaona habari za kiumbe kiingiacho katika miili ya watu, akafadhaika sana. Alituuliza swali moja tu: “Je, nikichome moto?” Tulimwomba atuachie kitabu kile kwa juma moja. Sasa tumekwisha kukisoma chote, na jibu letu twalitoa hapa mbele ya wasomaji wote, kwa maana swali lililomo ni kubwa kuliko kitabu chenyewe. Swali ni hili: mtu akipendwa, ni nini hasa kinachopendwa? Ni roho yake peke yake, au ni mwili wake, au ni yeye mzima?

Hadithi yenyewe

Kitabu hiki chaitwa Every Day, yaani Kila Siku. Mwandishi wake ni David Levithan wa Marekani, nacho kilitolewa mwaka 2012. Mwaka 2015 alitoa kitabu cha pili, Another Day, kinachosimulia mambo yale yale kama alivyoyaona msichana aliyependwa. Na mwaka 2018 cha tatu, Someday. Mwaka huo huo wa 2018 hadithi hii ilionyeshwa katika filamu. Imeandikwa kwa ajili ya vijana, na vijana wengi duniani wameisoma.

Msimuliaji hana jina ila herufi moja tu, A. Ana umri wa miaka kumi na sita. Hana baba wala mama, hana nyumba, wala hana mwili ulio wake. Kila asubuhi huamka ndani ya mwili wa kijana mwingine wa umri wake, mara mvulana, mara msichana. Hukaa humo kutwa nzima, na usiku wa manane hutolewa, asirudi tena katika mwili ule. Hadithi yaanza siku ya 5994 ya maisha yake katika jimbo la Maryland. Siku hiyo aamka katika mwili wa kijana aitwaye Justin, akutana na mchumba wa kijana huyo, jina lake Rhiannon, wanakwenda pamoja ufukoni mwa bahari, na A ampenda msichana yule kwa moyo wote. Kuanzia hapo, kila asubuhi, popote aamkapo na katika sura yoyote, atafuta njia ya kumfikia. Mwishowe amwambia siri yake, na msichana aisadiki.

Basi hapo ndipo shauri linapoanza. A adai kwamba mapenzi hayajali mwili. Yeye ni yule yule, asema, iwapo leo ni mrefu na kesho ni mfupi, leo mvulana na kesho msichana. Ikiwa Rhiannon ampenda kweli, kwa nini ajali sura?

Mema yaliyomo

Si haki kukikemea kitabu kabla ya kukiri wema wake, nao upo.

Kwanza, hadithi hii yamfundisha kijana asimpime mtu kwa ngozi na umbo. Wazee wetu walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Msomaji aingiapo pamoja na A katika maisha ya watu wengi, aona kwamba kijana mnene anayechekwa na wenzake, au kijana aliyefungwa na madawa ya kulevya, ana mateso yake na heshima yake. Siku moja A aamka katika mwili wa msichana aliyekusudia kujiua. Naye hakai kimya, bali amweleza baba wa msichana yule hatari iliyopo, apate kuokolewa. Tendo hilo ni tendo la huruma ya kweli, na kijana akilisoma atajifunza kwamba siri ya namna hiyo haifichwi.

Pili, A ana adabu kwa wenye miili. Ajua kwamba mwili alio nao leo si mali yake. Siku moja wakiwa peke yao, msichana ataka walale pamoja. A akataa, kwa sababu mwili ule ni wa kijana mwingine, asiyeweza kutoa ridhaa yake. Siku aamkapo katika mwili wa Rhiannon mwenyewe, ajizuia asiutazame kwa tamaa. Vijana wangapi leo huupigia picha mwili wa mwenzao bila ridhaa yake na kuieneza kwa simu! Katika jambo hili A, mtu wa kubuniwa, awatangulia mbali.

Tatu, A ajua kuacha. Katika hadithi yumo mtu ajiitaye Mchungaji Poole, ambaye kwa kweli ni wa namna ile ile ya A, naye amshawishi kwamba iko njia ya kudumu katika mwili mmoja kwa muda mrefu. A atambua maana yake: kudumu katika mwili wa mwingine ni kumnyang’anya uhai wake. Kwa hiyo akataa, amtafutia Rhiannon rafiki mwema, kisha ajiondoa na kwenda mbali. Ampenda, na kwa sababu ampenda hataki kumnunulia furaha kwa maisha ya mtu mwingine.

Mahali ambapo hadithi yajikana

Lakini msomaji makini ataona pia kwamba hadithi yenyewe yapingana na dai lake. A asema mwili si kitu. Matendo yake yasema kinyume.

Tutazame alivyofanya alipozidiwa na mapenzi. Usiku mmoja atumia mwili wa kijana aitwaye Nathan ili kwenda kwenye karamu aliko Rhiannon. Saa yapita, naye amwacha Nathan ndani ya gari kando ya barabara. Kijana yule aamka hajui amefikaje pale, asadiki kwamba alipagawa na shetani. Siku nyingine aamka katika mwili wa kijana ambaye jamaa yake wasafiri kwenda Hawaii kwa arusi ya dada yake. A aona kwamba akisafiri atakuwa mbali mno na Rhiannon, kwa hiyo atoroka. Na kijana yule akosa arusi ya dada yake mwenyewe. Siku ile haitarudi. Ikiwa mwili ni vazi tu, kosa liko wapi? Lakini kila msomaji aona kwamba kosa lipo. Aliyeutumia mwili wa Nathan alimtumia Nathan mwenyewe. Aliyeuzuia mwili usifike arusini alimzuia ndugu asifike kwa dada yake.

Tumtazame pia Rhiannon. Ajitahidi kwa uaminifu, lakini hawezi. A ajapo katika umbo moja, moyo wake wafunguka. Ajapo katika umbo jingine, wasita. Aona haya kwa kusita kwake, na kitabu chamwonea huruma. Sisi twasema hakutenda dhambi kwa kusita. Moyo wa binadamu hukutana na mtu usoni, katika sauti yake, katika mkono wake. Msichana yule hakuwa na uso wa kukumbuka.

Tena kuna jambo kubwa zaidi. A hawezi kuahidi kesho. Awezaje kusema, “Nitakuwa nawe ukiugua,” naye hajui aamke wapi? Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, wasema wahenga, na kufaana kwahitaji mikono, miguu na kuwapo. Upendo hauishi kwa hisia peke yake. Waishi kwa ahadi, na ahadi yatimizwa kwa mwili. Hiyo ndiyo sababu hadithi yaishia katika kuagana. Mwandishi, kwa unyofu wa kazi yake, hakuweza kuimaliza kwa arusi.

Kosa la kale

Wazo la kwamba mtu wa kweli ni roho tu, na mwili ni nyumba ya kupanga, si geni. Plato, mwanafalsafa wa Athene aliyefariki yapata mwaka 347 kabla ya Kristu, aliueleza mwili kama kifungo cha roho. Baadaye Wamanikeo walifundisha kwamba mwili watoka katika asili ya uovu. Mtakatifu Augustino alikuwa mfuasi wao kwa muda wa miaka tisa hivi kabla ya kuongoka kwake, akajua kwa uchungu mafundisho yale yampelekapo mtu.

Mama Kanisa hakuyakubali hata kidogo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha wazi kwamba roho yake si yeye mzima. Roho ikiokoka pasipo mwili, bado mtu hajakamilika. Mtaguso wa Vienne, mwaka 1312, ulitamka kwamba roho yenye akili ndiyo inayoupa mwili wa binadamu uhai na umbo lake, kwa asili yake yenyewe. Roho na mwili basi si wapangaji wawili katika chumba kimoja; ni mtu mmoja. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa sasa, ulirudia kwamba mtu ni mmoja kwa mwili na roho, wala hana ruhusa ya kuudharau mwili wake.

Baba Mtakatifu Benedikto wa Kumi na Sita, katika barua yake ya mwaka 2005 juu ya upendo, alikumbusha utani wa wanafalsafa wawili: Gassendi alimwamkia Descartes kwa kumwita Roho, naye Descartes akamrudishia kwa kumwita Mwili. Kisha Baba Mtakatifu akaonya kwamba si roho peke yake ipendayo, wala si mwili peke yake. Apendaye ni mtu mzima. Na kabla yake Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, tangu mwaka 1979 hata 1984, alitoa katekesi nyingi siku za Jumatano juu ya jambo hili hili: kwamba mwili waonyesha kuwa binadamu aliumbwa ajitoe kama zawadi.

Hapa twagusa neno jingine la kitabu. A hajioni kuwa mwanamume wala mwanamke. Lugha yetu ya Kiswahili yaweza kumtaja kwa urahisi, kwa kuwa neno “yeye” halibagui. Lakini Maandiko Matakatifu yafundisha kwamba Mungu aliwaumba mwanamume na mwanamke, na ya kuwa jambo hilo ni sehemu ya zawadi aliyompa kila mmoja. Kijana anayefadhaika kwa ajili ya mwili wake asichekwe wala asifukuzwe. Apewe sikio, heshima na uongozi wa upole. Lakini asidanganywe kwamba mwili wake ni nguo tu iliyomwangukia kwa bahati.

Mwili katika imani yetu

Tufikiri jinsi dini yetu ilivyo. Mungu alipotaka kutuokoa hakututumia wazo. Neno wake alitwaa mwili tumboni mwa Bikira Maria. Bwana wetu aliwagusa wenye ukoma, angaliweza kuwaponya kwa neno tu. Katika Ekaristi Takatifu atupa Mwili wake. Alipofufuka hakuwatokea mitume kama kivuli. Aliwaonyesha mikono na ubavu, akala samaki mbele yao, na Tomaso akamtambua kwa makovu yake. Makovu yale hayakufutwa katika utukufu. Ni alama za upendo wake, nazo zimeandikwa mwilini.

Kadhalika Sakramenti zote zatufikia kwa mwili: maji juu ya kichwa, mafuta juu ya paji la uso, mkono wa Askofu, sauti ya bwana na bibi arusi wakiahidiana. Na katika Kanuni ya Imani twakiri ufufuko wa miili. Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, ulifundisha kwamba wote watafufuka kwa miili yao ile ile waliyo nayo sasa. Mbinguni basi hatutapendana kama herufi zisizo na sura. Mama atamwona mwanawe.

Hatusemi kwamba upendo wakoma pale mwili uondokapo. Twawaombea marehemu wetu kwa sababu twawapenda bado. Watawa huacha ndoa kwa ajili ya Ufalme wa Mbinguni, na hawaachi kupenda. Lakini hata hao hupenda kwa mwili: kwa magoti yanayopigwa, kwa mikono inayoosha wagonjwa, kwa miguu inayokwenda vijijini. Na kaburi la mzazi twalipalilia kwa heshima, kwa maana aliyelala pale si nguo iliyotupwa.

Mfano wa Louis na Zélie

Twataka kuweka kando ya hadithi ya kubuni habari ya watu walioishi kweli. Louis Martin na Zélie Guérin walifunga ndoa huko Alençon, Ufaransa, tarehe 13 Julai 1858. Mungu aliwapa watoto tisa. Wanne walikufa wangali wadogo, na mabinti watano waliobaki wote waliingia utawani, mmoja wao akiwa Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu. Zélie aliugua kansa ya titi, akafa tarehe 28 Agosti 1877. Uzuri wa ujana uliliwa na maradhi, na mumewe alibaki naye hata pumzi ya mwisho.

Kisha ikaja zamu ya Louis. Uzeeni maradhi yaliivuruga akili yake, na mwaka 1889 akapelekwa katika nyumba ya wagonjwa wa akili mjini Caen, akakaa huko zaidi ya miaka mitatu. Baadaye alirudishwa kwa jamaa zake akiwa amepooza, na binti yake Céline akamtunza mpaka alipofariki mwezi wa Julai mwaka 1894. Papa Fransisko aliwatangaza wote wawili kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 2015.

Sasa tuulize. Ikiwa mtu ni akili na kumbukumbu zake tu, kama A anavyojieleza, basi Céline alimtunza nani? Akili ya baba yake ilikuwa imetiwa giza. Kilichobaki mbele ya macho yake kilikuwa mwili dhaifu. Lakini Céline hakutunza nyumba tupu. Alimtunza baba yake. Msomaji mwenye mzazi asiyemkumbuka tena jina lake ajua maana ya maneno haya. Upendo unaodharau mwili waonekana mtukufu kwa vijana wenye afya. Ukifika kitandani pa mgonjwa wa namna hii, hauna la kusema. Upendo wa Kikristu una kazi pale: kulisha, kuosha, kugeuza, kushika mkono.

Neno kwa vijana na kwa wazazi

Vijana wapendwa, mashaka ya Rhiannon hayako mbali nanyi. Wengi wenu huanza urafiki kwa simu na mtu msiyemwona kamwe. Maneno ni matamu, picha ni nzuri, na moyo waamini kwamba umeijua roho ya mwenzako. Yafaa kusubiri. Mtu hajulikani kwa maneno yake tu. Mwone akiwa na njaa, mwone akiwa amechoka, mwone anavyomsalimu mama yake na anavyomjibu maskini. Asiyetaka kamwe kuonekana, asiyetaka kufika kwa wazazi, huenda anakuficha nafsi yake pamoja na sura yake.

Nanyi mnaochagua mchumba kwa rangi na umbo peke yake, kosa lenu ni upande wa pili wa kosa lile lile. Yule asema mwili si kitu. Ninyi mwasema mwili ndio kila kitu. Wote wawili mmemgawa mtu vipande. Katika Kitabu cha Mwanzo Adamu alipomwona Hawa alifurahi kwa kuwa aliona mfupa na nyama kama yake. Hata leo kijana aoapo husemwa kwamba amepata ubavu wake. Ubavu haubadilishwi kwa kuwa umezeeka.

Nawe mzazi uliyetuletea kitabu, jibu letu ni hili: usikichome. Mrudishie binti yako, lakini usimrudishie kwa kimya. Kisome nawe, kisha kaeni jioni moja mzungumze. Ukikichoma, atakitafuta kwingine na kukisoma peke yake, naye atadhani kwamba Kanisa laogopa swali. Kanisa haliogopi. Binti anayeuliza kama atapendwa hata sura yake ikibadilika, auliza swali la haki kabisa. Na wa kwanza kumjibu awe baba yake. Mwambie kwamba ulimpenda kabla hajawa na neno hata moja, alipokuwa mwili mdogo wa kubebwa mikononi, na kwamba utampenda vile vile.

Maswali ya kuzungumza nyumbani na katika vikundi vya vijana

1. A alifanya haki gani kwa wenye miili aliyoitumia, na aliwadhulumu wapi?
2. Kwa nini ahadi ya ndoa yahitaji mwili, wala si nia njema peke yake?
3. Katika jumuiya yetu ni nani ambaye mwili wake umedharauliwa: mlemavu, mzee, mgonjwa? Tutamtembelea lini?
4. Je, nampenda mwenzangu mzima, au kipande chake kinipendezacho?

Swali la tatu lisiishie mdomoni. Juma hili kila kikundi kimchague mtu mmoja, kiende kwake, kikae naye, kimshike mkono.